Chapa na Spika za Baba Yake

Jirani yangu wa ukuta mmoja tunamwita Chapa, kwa sababu tangu nimjue vidole vyake havijatulia. Anapiga chapa tasnifu za wanafunzi, wosia, mikataba ya nyumba, na barua za wanaume wanaotaka kuoa lakini hawajui waanzie wapi. Ana miaka arobaini na saba. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko upande huu wa ukuta, meza yake iko upande ule, na kuna siku tunakwenda sambamba kutwa nzima mpaka mume wangu anauliza kama tunashindana. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nimesimuliwa. Nilikuwepo, na tochi niliishika mimi.

Chapa aliishi na baba yake. Mzee alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na mmoja, yule ambaye sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti ikiwaambia abiria treni ipi inaingia na ipi imechelewa. Kazi ile ilimwachia vitu viwili: masikio yaliyokufa nusu, na sauti ambayo haikuzeeka hata kidogo. Kifaa cha sikioni alinunuliwa akakikataa, akasema kinamwingizia nzi kichwani. Miaka tisa kabla ya siku ninayoisimulia alianguka bafuni akavunjika nyonga. Chapa wakati huo alikuwa na chumba chake mjini na kazi ya ofisini yenye meza karibu na dirisha. Alirudi nyumbani kumuuguza kwa wiki sita, akaja na begi moja.

Nyonga ilipona. Mzee akawa anatembea na mkongojo, anakula vizuri, anabishana na magazeti. Ila hakutaka kubaki peke yake hata kwa muda wa chai kuchemka. "Mama," anaita. Baba kumwita binti yake mama ni mapenzi, wala sina ugomvi nayo, hata marehemu baba yangu aliniita hivyo. Lakini Mzee alimwita kama anayetangaza treni. Sauti ilipita ukutani kwangu, ikavuka barabara, ikafika duka la kwanza la mkate, la pili la dawa, ikaishia duka la tatu la misumari na rangi. Nilichukua muda mrefu kugundua kwamba Chapa hakuwahi kupita duka la tatu. Ukimwambia twende sokoni, ana kazi ya mtu ya haraka. Ukimwambia kuna harusi, ninyi tangulieni. Misumari alinunua mwenyewe, viatu aliagiza. Siku nilipolitambua hilo nilipandwa na hasira mpaka nikajichoma sindano kidoleni.

Usidhani alikuwa amefungiwa. Mlango ulikuwa wazi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mtu aliyefungiwa angalau ana wa kumlaumu.

Naye alimpata wa kumlaumu, lakini mbali. Chapa ana wadogo zake wawili, wote wanaishi miji mingine: wa kiume, ambaye tunamwita Mhandisi kwa kuwa ndivyo alivyo, na kitindamimba wao, wa kike, ameolewa na ana nyumba kubwa. Mwaka wa tatu wa kumlea baba alitokea fundi saa mmoja, mpole, mwenye mikono safi, akataka kumwoa Chapa. Mzee akasema, "Mimi sina neno, mama. Waulize wadogo zako." Mhandisi ndiye aliyekataa. Alisema Baba atabaki na nani, tusubiri kwanza. Fundi saa alisubiri mwaka mzima, akachoka, akaoa kwingine. Tangu hapo Chapa aliongea na Mhandisi kama unavyoongea na karani wa benki: sentensi kamili, heshima zote, na hakuna hata neno moja la ziada. Na mimi nilimchukia yule kaka kwa niaba yake. Nilimchukia bila kumwona.

Waliongea kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kompyuta ya Chapa. Wenyewe waliita kikao. Kompyuta ile mpakato ina spika ndogo, sauti yake kama ya mtu aliyefungiwa kabatini, na Mzee hakusikia kitu. Basi Chapa alikaa katikati, akawa mkalimani. Mhandisi akisema, Chapa anainama na kumrudishia Mzee sikioni, neno kwa neno. Mzee akijibu, anageuka kuwarudishia wao, ingawa sauti ya Mzee walikuwa wakiisikia kuliko yake. Saa nzima mtu anabeba maneno ya wengine, na ikifika zamu ya neno lake mwenyewe, kikao kimekwisha.

Mwezi ule ikaja barua. Chuo kimoja cha ufundi, safari ya siku nzima kwa basi, kilimtaka awe katibu muhtasi wa mkuu wa chuo. Kuna nyumba ya vyumba viwili ndani ya uwanja, na mkataba wa kudumu. Jibu walilitaka kabla ya Jumatatu. Alinisomea barua ile mara tatu, mara ya tatu bila kuitazama. Ningependa kusema alifurahi, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa hospitali kuchukua majibu.

Akamweleza Mzee. Mzee akamshika mkono, akamwambia, "Nenda, mama. Umri unakwenda. Mimi sina neno, waulize tu wadogo zako nani atanichukua." Chapa alikuja kwangu akalia, kwa kumhurumia baba yake. Alisema, "Unaona? Mzee wa watu hana kizuizi. Ni wale wawili." Halafu akajifuta macho na kusema jambo ambalo sikulitegemea: "Jumamosi hii Baba atasikia kwa masikio yake. Sitarudia neno hata moja. Wakisema hawana nafasi, wamwambie yeye mwenyewe, na asikie wanavyosema. Nimechoka kuwasafishia maneno."

Ndipo akazikumbuka spika.

Mzee alikuwa na mitambo yake ya muziki aliyoinunua ujanani, amplifaya nzito ya kuinuliwa na watu wawili, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Kinanda cha kuchezea santuri kilikufa zamani. Vilivyobaki vilikaa kwenye kabati kubwa la sebuleni chini ya kitambaa cha maua nilichokishona mimi, na juu yake picha za wajukuu. Chapa akapima kwa akili: kama kompyuta itaweza kusemea humo, Mzee atasikia hata asiyotaka.

Waya tuliupata duka la tatu, bila shaka. Upande mmoja una pini moja nyembamba, ile ile inayoingia kwenye tundu la spika za masikioni. Upande wa pili umegawanyika miguu miwili, mwekundu na mweupe. Ulikuwa mfupi, mita moja tu, na mrefu zaidi mwenye duka hakuwa nao. Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya lile kabati na tochi, vumbi la miaka tisa puani, nikimsomea Chapa yaliyoandikwa mgongoni mwa amplifaya. Kulikuwa na jozi nne za matundu.

"Weka hapa pa kwanza," nilisema.

"Pameandikwaje?"

"Santuri."

"Weka."

Tukaweka. Chapa akabonyeza wimbo kwenye kompyuta. Ilitoka sauti ya kukwaruza na kunguruma ambayo ilidondosha picha ya mjukuu mmoja chini. Mzee, kwenye kiti chake, akasema kwa utulivu kwamba tundu la santuri lina nguvu zake lenyewe, halitaki kitu kilichokwisha kupata nguvu, tuweke kwenye tundu la kanda. Tulikuwa tumesahau kwamba ni mtu aliyeishi na vipaza sauti. Tukahamisha miguu ile miwili, mwekundu kwa mwekundu, mweupe kwa mweupe. Muziki ukaja, safi, ila chini yake kulikuwa na mvumo, mmm, usiokoma, kama jokofu bovu. Tukakagua waya, tukapuliza vumbi, tukageuza plagi. Mwishowe Chapa akachomoa chaja ya kompyuta ukutani, na mvumo ukakatika papo hapo. Mzee akatikisa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata jibu. Betri ilikuwa na saa moja na robo. Ingetosha.

"Fungulia kompyuta karibu mpaka mwisho," Mzee akaelekeza, "halafu sauti uipandishe kwenye amplifaya, kidogo kidogo."

Chapa akazungusha kile kirungu cha sauti polepole. Sijui niseme vipi. Ule wimbo ulikuwa wa kawaida, nimeusikia redioni mara mia, lakini siku ile niliusikia mpaka pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti. Mzee alisimama bila mkongojo, akaenda akaweka kiganja juu ya mbao ya spika. "Kuna gitaa la pili," alisema. "Miaka yote hii sikujua humu mna gitaa la pili." Akatabasamu, na Chapa akamtazama akitabasamu, na mimi nikawatazama wote wawili nikafikiri, Mungu wangu, atawezaje kumwacha.

Saa nne ikakaribia. Kwa ufupi wa waya ule, kompyuta haikuweza kufika mezani. Ilibidi ikae juu ya kabati, kwenye ukingo, imeelekea dirishani, kamera yake ikitazama pazia. Chapa akasema haina neno, siku hiyo ni ya kusikia. Alikuwa amechomoa ile pini wakati wa kuisogeza, na alipoirudisha kompyuta ikamuuliza kwenye kioo: umechomeka nini? Ikatoa orodha. Spika. Spika za masikioni. Spika za masikioni zenye kipaza sauti.

"Tunataka kusikia na kusema, si ndiyo?" Chapa akauliza.

"Chagua hiyo yenye kipaza sauti," nikamwambia, mimi mjuaji.

Akachagua. Nilikuja kuelewa baadaye tulichofanya. Kompyuta iliamini kwamba kipaza sauti kiko huko kwenye waya, ikakifunga kile chake cha kuzaliwa nacho. Kwenye waya hakukuwa na kitu. Sisi tungesikia kila kitu, na wao wasingesikia hata kikohozi.

Kikao kikafunguka. Mhandisi akaingia sebuleni mle kama amepita mlangoni. Sauti yake ilikuwa nene, ya karibu, ukasikia na kiti anachokalia kikilia. "Haloo? Haloo, Dada?"

"Tupo," Chapa alijibu. "Mnatusikia?"

"Naona pazia tu," alisema Mhandisi.

"Hata mimi," akasema kitindamimba. "Hawajafika. Dada atakuwa anahangaika na kompyuta yake."

"Tupo hapa," Chapa alirudia, akapaza. Akabonyeza hiki na kile. Mzee alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono juu ya mkongojo, uso umekunjuka kwa furaha ya kusikia watoto wake bila kurudiwa. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ni kawaida, kila Jumamosi dakika tano za kwanza ni haloo.

"Basi tumalize kabla hawajaingia," kitindamimba akasema. "Hili la kazi ya Dada tunamjibuje?"

Mkono wa Chapa ukasimama hewani.

"Kama tulivyosema," Mhandisi alijibu. "Hatuna nafasi."

"Lakini mimi nafasi ninayo. Chumba cha nyuma kiko tupu, mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema tumlete Baba. Najisikia vibaya. Juzi Dada kaniandikia, mpaka nimeshindwa kumjibu."

"Na mimi ningemchukua hata kesho. Unadhani napenda? Lakini Baba alinipigia Jumanne. Kasema tukatae. Kasema lawama tuibebe sisi, yeye asionekane."

"Na huku anamwambia Dada aende?"

"Ndiyo hivyo. Anasema akimkatalia yeye, Dada atamchukia, na yeye ndiye anayeishi naye. Sisi tuko mbali, tukichukiwa hatupungukiwi." Kiti kikalia tena. "Si ndivyo ilivyokuwa kwa yule fundi saa? Unadhani mimi nilikuwa na ugomvi gani na fundi saa? Sijawahi hata kumwona. Dada mpaka leo ananiongelesha kama karani, na mimi nameza tu, kwa sababu nilimwahidi Baba."

Pale nyuma ya kabati nilipokuwa nimechuchumaa na tochi yangu ya kipumbavu, niliikumbuka Jumanne ile. Mzee alikuja uani kwangu, Chapa akiwa duka la dawa, akaniomba nimpigie namba ya mwanawe, eti anataka kumtakia heri ya kazi. Nikampigia, nikaipandisha sauti mpaka mwisho, nikampa simu, nikarudi kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu ili nisisikilize ya watu. Simu ilikuwa yangu. Nimekwisha kujitetea mbele ya nafsi yangu mara nyingi, na bado ilikuwa yangu.

Nilimtazama Mzee. Furaha ilikuwa imemwisha usoni, na kilichobaki kilikuwa uso wa mzee sana. Alikuwa amesikia kila neno. Sisi wenyewe tulikuwa tumehakikisha hivyo, tangu saa mbili asubuhi, kwa kirungu kile kile. Akasema kwa sauti ndogo, na mimi sikuwa najua kama anayo sauti ndogo:

"Mama, punguza."

Chapa hakupunguza. Alisimama akimtazama baba yake kwa muda, mikono imening'inia. Nilijua anachokipitia kichwani, maana nami nilikuwa nakipitia: miaka tisa, ofisi yenye dirisha, begi moja, fundi saa, duka la tatu. Na kaka ambaye Chapa alimnyima salamu ya moyo kwa miaka sita kwa kosa ambalo si lake. Nilingoja apasuke. Mimi ningepasua kila kitu mle ndani, pamoja na spika.

Badala yake aliweka mkono nyuma ya kompyuta na kuchomoa ile pini. Sebule ikafa ghafla, na kompyuta ikarudia spika na kipaza sauti chake yenyewe. Akaibeba kompyuta mezani, akaigeuza iwatazame yeye na baba yake, akavuta kiti chake cha siku zote, katikati.

"Aa, Dada, shikamoo," alisema Mhandisi, kwa ile sauti ya kabatini. "Ndio mnaingia?"

"Marahaba. Ndio tunaingia."

"Tulikuwa tunawasubiri. Baba hajambo?"

"Hajambo. Kaka, siku zangu zimebaki mbili. Naomba jibu la kazi."

Mhandisi akalianza jibu. Alilisema vizuri, amelizoea. Alisema wamejadiliana sana, wameliangalia kila upande, wanamwonea huruma sana, lakini kwa kweli kwa sasa, kwake na kwa mdogo wao, nafasi hakuna. Pengine mwakani. Kitindamimba alikuwa ametazama chini, anachezea pete yake.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka pale. Sauti ile ndogo haikumfikia, lakini alijua inachosema, maana maneno yale aliyatunga mwenyewe. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwita mwanawe kwa jina akamwambia basi, yamekwisha. Nilimwona akitafuta pa kushika, na alichokipata kilikuwa kile alichokizoea. Akainamisha kichwa, akatoa sikio.

"Wanasemaje, mama?"

Chapa aliinuka, akamwendea, akainama kama alivyoinama kila Jumamosi, kiganja chake begani kwa baba yake. Lakini hakunong'ona. Alisema kwa sauti kubwa, ya kufika duka la tatu, na wale wawili kwenye kioo wakamsikia kila neno.

"Wanasema nafasi ipo, Baba. Wanasema chumba cha nyuma kiko tupu, na mume wa mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyesema upelekwe. Wanakusubiri wiki hii."

Kitindamimba aliinua uso akaziba mdomo kwa mkono. Mhandisi hakutikisika, kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Hakuna aliyeweza kumsahihisha. Kwa miaka tisa walikuwa wamemfanya awe mdomo wao wote, wale wawili sasa walijua kwamba aliwasikia, na Mzee asingeweza kusema mdomo umekosea bila kueleza amejuaje.

Mzee aliulaza mkongojo wake magotini. Mkono wa Chapa ulibaki begani kwake, na niliona vidole vyake vimemshika kwa nguvu, na niliona pia kwamba Chapa mwenyewe analia.

"Waambie sawa," alisema Mzee.

Chapa akageukia kompyuta.

"Baba anasema sawa."